Vidonge Vitatu vya Nyongeza

Mkono wa kulia wa Mbeyu una kasoro moja ambayo hakuna daktari atakayeiona: hauwezi kupima kitu ukakiacha hapo. Ukimwomba chumvi kijiko kimoja atakupa kijiko, kisha vidole vitatu vitarudi koponi vyenyewe na kukuletea punje za juu. Ukimwuliza njia ya Galu atakuelekeza hadi Galu, halafu akuongeze na ya Kinondo, usikokwenda. Sisi wa Mwabungo tumemzoea. Mumewe Alfani husema siku alipoposa aliahidiwa mke mmoja tu, na kwamba ule ulimi alipewa nyongeza.

Wala ugonjwa huo hakuuokota njiani. Mamake, Bi Hanifa, ana kibanda cha viungo, mchele na sukari pale Kona ya Musa tangu Mbeyu akibebwa mgongoni. Kwa Bi Hanifa, kumpimia mteja kilo ikawa kilo kamili, ukafunga mfuko ukampa aende zake, ni karibu sawa na kumtukana. Kilo ni haki yake, hiyo haina shukrani. Nyongeza ndiyo heshima. Anapima, mizani inatulia, kisha anatia ukufi mdogo juu, mteja anasema Mungu akuzidishie, na hapo ndipo biashara inapokuwa imekwisha. Madrasani nako Mbeyu alifundishwa mapema habari za wenye kupunja mizani na makao yanayowangoja, akatoka huko amekula kiapo cha kitoto kwamba yeye hatakuwa miongoni mwao.

Babake, marehemu Chande, aliuza boriti na fito za kuezekea mapaa ya hoteli za Diani. Miti hiyo huuzwa kwa korija, na korija ni ishirini, kila mtu anajua. Korija ya Chande ilikuwa na ishirini na moja. Ukimwuliza ule mmoja ni wa nini, naye alikuuliza wewe kwenu ni wapi.

Basi usidharau korija, maana ndiyo iliyomvusha Mbeyu kidato cha tatu. Mwalimu wao wa kemia aliingia darasani akasema moli ni idadi ya chembe, idadi kubwa isiyohesabika na binadamu, na darasa zima likaingia giza. Wenzake walilia. Mbeyu akakaa akawaza, akasema moyoni, kumbe ni korija tu. Korija ya fito na korija ya boriti zote ni ishirini, ila ya fito utaitia begani mwenyewe na ya boriti utatafuta mkokoteni. Vivyo hivyo moli ya kaboni ni gramu kumi na mbili, na moli ya ile soda ya kupikia sabuni, kostik, ni gramu arubaini. Idadi ni moja, uzito ndio mbalimbali. Ukipewa gramu ukaulizwa ni moli ngapi, gawanya kwa uzito wa korija moja. Ukipewa moli ukatakiwa gramu, zidisha. Tangu siku hiyo hakukosa swali la moli hata moja, ijapokuwa masomo mengine yaliendelea kumkalia mbali.

Na hapo ndipo alipomwona mhudumu wa maabara ya shule yao akipita ukumbini na trei ya chupa, amevaa koti jeupe, hasemi na mtu, na kila mtu anampisha. Mbeyu akaingiwa na hamu ambayo haikumtoka. Hakutaka udaktari wala uhasibu, alitaka koti lile na trei ile. Lakini alipomaliza kidato cha nne kibanda kilihitaji mtu, kisha ikaja ndoa, kisha wakaja watoto, na koti likakaa kungoja. Alipokuja kujiandikisha chuoni Mombasa kusomea kazi ya maabara, alikuwa na mtoto anayemzidi urefu. Watu walicheka. Mimi nasema kweli, hata sisi majirani tulicheka, kidogo.

Mwaka huu akapata. Shule ya wasichana iliyo kando ya barabara ya Msambweni ilitaka mhudumu wa maabara, ikamchukua kwa majaribio ya muhula mmoja. Mwalimu mkuu, Bi Maimuna, mama wa maneno machache, alimwambia wazi siku ya kwanza.

"Bi Mbeyu, nafasi ni moja na wanaoitaka ni wengi. Tutaitazama kazi yako hadi mtihani wa majaribio wa kidato cha nne. Ikitufaa, utabaki. Isipotufaa, tutaagana kwa wema."

"Inshallah itawafaa, Mwalimu Mkuu," akasema Mbeyu. Usiku ule alilivaa koti la shule nyumbani akaosha nalo vyombo, na Alfani akamwita daktari, akamwomba dawa ya mgongo.

Mwalimu wa kemia alikuwa Madamu Eunice, binti wa Kisii, mdogo kwa Mbeyu kwa miaka mingi lakini mkali wa maabara. Alimpenda Mbeyu upesi. Chupa ziling'aa, meza zilikauka, na wasichana waliokuwa wakiogopa maabara sasa walikuja hata wakati wa mapumziko kuzungumza na Bi Mbeyu. Jambo moja tu ndilo lililompa Mbeyu taabu. Alipochota chumvi ya maabara ikazidi, aliirudisha kwenye chupa yake, kama afanyavyo kila mwenye kibanda na gunia lake. Eunice akamshika mkono.

"Hapana, dada. Hapa kitu ikishatoka kwa chupa hairudi. Hata kama ni kidogo aje. Itachafua ile yote imebaki."

"Hata ikiwa safi?"

"Hata ikiwa safi. Ikitoka, imetoka."

Mbeyu akaona ni ubadhirifu, lakini akaitika. Sheria ya nyumba ni ya mwenye nyumba.

Majaribio ya asidi na kostik yalipoanza, mambo yakaharibika. Kazi ya Mbeyu ilikuwa kupima gramu nne za kostik na kuziyeyusha katika lita moja ya maji. Gramu nne gawanya kwa arubaini, ni sehemu moja ya kumi ya moli. Asidi nayo ililetwa ya nguvu iyo hiyo, kwa hiyo kila msichana akiweka mililita ishirini na tano za kostik, asidi itakayomaliza rangi ya waridi iletwayo na matone ya kiashiria lazima iwe ishirini na tano vilevile. Haina ujanja. Wasichana walikuwa wanane, na wote wanane wakapata ishirini na nane na kitu.

Eunice akawarudisha wote. Wakapata ishirini na nane na kitu. Akawaambia hawajui kusoma bureti, ule mrija mrefu wenye alama, wakasoma pamoja naye. Akashuku maji, akabadilisha maji. Akashuku mizani, wakaijaribu kwa jiwe lake, mizani haina neno. Mwisho akaishuku pwani yenyewe.

"Ni hii unyevu yenu," akasema. "Kostik inakunywa maji ya hewa. Unapima gramu nne, kumbe nusu ni umande."

Kisha akakuna kichwa kwa kalamu. Kama kostik imekunywa umande, itakuwa pungufu, na asidi itakayohitajika itakuwa chini ya ishirini na tano. Hii ilikuwa juu. Mtu hapunguzi, mtu anazidisha. Mbeyu, aliyekuwa akipangusa meza na kusikitika pamoja naye kwa dhati kabisa, akasema labda asidi ndiyo dhaifu. Masikini, alisema hivyo kwa moyo safi.

Siku iliyofuata Eunice akaja mapema, akasimama nyuma yake wakati wa kupima. Mbeyu akaweka kisahani juu ya mizani, akadondosha vidonge vya kostik kimoja kimoja kwa kijiko. Tatu nukta nane. Tatu nukta tisa. Nne kamili. Mizani ikatulia, na Mbeyu akatabasamu. Kisha kijiko kikarudi chupani, kikatoka na vidonge vitatu, vikaanguka juu ya wenzao, na Mbeyu akachukua kisahani aende kukiyeyusha.

"Mbeyu. Hizo ni za nini?"

"Zipi, Mwalimu?"

"Hizo tatu."

Mbeyu akatazama kisahani. Akafikiri kwa muda, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapepesa macho.

"Aa, hizo. Hizo nyongeza."

Eunice akavuta kigoda akakaa. Alirudisha kisahani mizanini mwenyewe: nne nukta tano. Akatoa karatasi, akagawanya kwa arubaini, na hesabu ikatoka vilevile kama walivyopata wasichana kwa majuma mawili. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha Mbeyu kilikuwa kimejaa hadi kumwagika.

"Nyongeza ya nani?" Eunice akauliza. "Nani amenunua kitu hapa?"

"Nilitaka wasipunjike."

"Dada, umewapunja." Eunice hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Hawa watoto wamefanya kazi sawa, wakapata jibu mbaya. Zulekha alilia juzi, akasema hatachukua kemia tena. Ni wewe umempunja."

Neno hilo halikuwahi kutamkwa katika ukoo wa Chande. Watu waliwahi kuwaita wabishi, wasemaji, wachelewaji wa arusi, lakini wapunjaji, la. Mbeyu akavua glavu, akaenda nyuma ya maabara penye mapipa ya maji, akalia kilio cha kweli. Zulekha alimjua. Ndiye msichana mwembamba aliyekuwa akikaa karibu na dirisha, aliyemwambia siku moja kwamba anataka kuwa mfamasia. Na mtihani wa majaribio ulikuwa wiki ijayo.

Eunice hakwenda kumshitaki kwa Bi Maimuna. Alimwambia arekebishe tu. Lakini mazoea yana taabu. Mbeyu alipima kwa kunuia, akasema kwa sauti, nne, basi, nne, na kijiko kikarudi chupani. Akahamia mkono wa kushoto. Wa kushoto nao kumbe miaka yote ulikuwa ukijifunza kimyakimya. Akamwomba Eunice asimame mbele yake amkodolee macho, na mkono ukatulia kwa adabu mpaka Eunice alipogeuka kupiga chafya. Jasiri haachi asili. Kila kilichozidi hakikuweza kurudi chupani, kwa hiyo pembeni pakawa na kisahani cha vidonge vya nyongeza vilivyokosa mwenyewe, na kila akikitazama moyo unamwuma.

Jioni moja akashuka Kona ya Musa kwa mamake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umeshuka hivyo, koti limekushinda?"

Mbeyu akamweleza yote. Bi Hanifa alisikiliza huku akimpimia mtu bizari, na kwa makusudi kabisa akatia ukufi wa juu bila kuangalia mizani.

"Sasa wataka nikufundishe ubahili?" akauliza mteja alipoondoka. "Umri huu?"

"Nataka unifundishe kuacha, mama. Nisipoacha kazi itaniponyoka."

Bi Hanifa akamkaribisha chai. Akamimina kikombe, akatia sukari vijiko viwili kama apendavyo mwanawe. Kisha akatia cha tatu. Cha nne. Cha tano. Akakoroga, akamsogezea.

"Kunywa."

Mbeyu akanywa funda moja, akafumba jicho. "Mama, hii hainyweki. Tamu mno."

"Nimekuongeza."

"Umeiharibu."

"Ala. Na wewe wafanya nini huko kwenu?" Bi Hanifa akacheka mpaka meno ya dhahabu yakaonekana yote mawili. Akaimwaga chai ile, akamimina nyingine, vijiko viwili, akakoroga, na alipoona imepungua kidogo akaijazia kutoka kwenye birika la pili, ambalo lilikuwa limeshatiwa sukari kadiri yake. "Mteja wa chai nyongeza yake ni chai, si sukari. Wewe huwauzii wale watoto vidonge. Wawauzia nini?"

Mbeyu akashika kikombe bila kunywa. Alikuwa anawauzia maji ya kostik ya nguvu maalumu. Vidonge vilikuwa sukari tu. Miaka yote ile ya moli na korija, na hili hakuliona, mpaka akapewa kikombe kibaya na mamake. Unywe chai yako uende, Bi Hanifa akamwambia, mume wako angoja chakula.

Siku ya mtihani Mbeyu alifika kabla ya mlinzi kumaliza kufagia. Maagizo yalisema lita moja, nguvu ya sehemu moja ya kumi. Akapima gramu nne. Mkono ukanyanyuka, naye akauambia, subiri, zamu yako yaja. Akaziyeyusha zile nne katika lita yake. Kisha akachukua kisahani kingine, akaketi na kalamu. Alitaka robo lita ya nyongeza. Robo ya sehemu moja ya kumi ya moli ni sifuri nukta sifuri mbili tano. Zidisha kwa arubaini: gramu moja. Akapima gramu moja kamili, na mkono, kwa kuwa sasa ulikuwa unapima nyongeza yenyewe, ukaridhika. Nyongeza haina nyongeza. Hata kwa Bi Hanifa haina. Akaiyeyusha katika robo lita, akaitia kwenye chupa yenye kizibo, akaiandika jina na nguvu yake, akaiweka chini ya meza.

Bi Maimuna alikuja mwenyewe, akakaa nyuma karibu na mlango, mikono juu ya mapaja. Eunice akagawa. Kila msichana akapata chupa yake ya kostik, na lita ikaisha yote. Kwa muda kulisikika matone tu na feni. Mbeyu alisimama pembeni na kitambaa.

Zulekha alifanya jaribio la kwanza vizuri. Alipogeuka kuandika, kiwiko kikagonga chupa yake ya kostik. Ilianguka ubavu, ikaviringika, na yote ikamwagika mezani. Mbeyu alifika na kitambaa kabla haijamfikia nguo. Msichana hakulia, alisimama tu na mikono hewani, akimtazama Eunice. Eunice akatazama lita iliyokwisha. Kupima nyingine na kuyeyusha kungekula muda wote wa mtoto, na Bi Maimuna alikuwa amekwisha kusimama.

Mbeyu akainama, akatoa chupa yake chini ya meza, akamimina hadi alama, akamwekea mbele.

"Endelea, mwanangu," akasema taratibu. "Ni ileile."

Bi Maimuna akaja hadi kwenye meza, akaitazama chupa.

"Hiyo imetoka wapi? Maagizo yalisema lita moja."

Hapo Mbeyu alijua kwamba kazi yake imesimama kwenye ncha ya sindano. Angeweza kusema lolote. Akasema kweli, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu.

"Nyongeza, Mwalimu Mkuu. Gramu moja katika robo lita. Nguvu yake ni sawa na ya wenzake, haikuzidi wala haikupungua. Nimehesabu mara tatu."

 Bi Maimuna alimgeukia Eunice, na Eunice akageukia bureti ya Zulekha, wakangoja wote watatu. Msichana akadondosha, akatikisa, akadondosha. Waridi ikafifia, ikatoweka. Eunice akainamisha macho yakawa sawa na mstari. Ishirini na tano. Alivuta pumzi iliyosikika hadi dirishani.

Wasichana walipotoka Bi Maimuna akabaki.

"Wewe ni mtoto wa Hanifa wa Kona ya Musa?"

"Ndiye mama yangu."

"Nilidhani hivyo. Nimenunua mchele kwake tangu sijaolewa, na sijafika nyumbani na kilo iliyo sawa hata siku moja." Akakunja miwani. "Kazi ni yako, Bi Mbeyu. Hilo koti la shule linakubana, utashonewa lako."

Akaondoka. Mbeyu alishika ukingo wa meza mpaka nyayo zake zikasikika mbali, kisha akaanza kuosha bureti, maana hakujua la kufanya na furaha kubwa namna ile. Eunice akaja akasimama kando yake kwenye sinki, akachukua kitambaa, akafuta chupa moja kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mbeyu."

"Naam, Mwalimu."

"Ile neno nilikuambia siku ile. Kwamba umewapunja." Akaiweka chupa chini. "Nimekuwa nikiifikiria. Nataka kuirudisha."

Mbeyu akafunga bomba. Machozi yalikuwa karibu, na Eunice aliyaona, lakini ulimi wa nyongeza hauachi zamu yake.

"Hapa, Mwalimu, kitu kikishatoka kwenye chupa hakirudi. Hata kikiwa kidogo." Akampa chupa nyingine ya kufuta. "Tangu lini sheria imebadilika?"

Eunice akainamisha kichwa, akacheka bila sauti, mabega yakimtikisika. Mbeyu akamwacha acheke amalize. Kisha akamwambia amesamehewa tangu juzi, na kwamba Jumamosi aje Mwabungo ale wali, aje na mfuko mtupu, maana hatarudi nao mtupu.